Maswali ya maji: anza kwa mita, lawama baadaye

Barua zinazouliza maji yatarudi lini mtaani kwenu nimeziweka kando. Hilo liulizeni tawi la Shirika la Maji lililo karibu nanyi; namba ya bure ipo kwenye bili. Zilizobaki ni hizi.

Bili yetu ilikuwa uniti 9 kila mwezi. Mwezi huu ni 14, na nyumbani hatujaongezeka hata mtu mmoja. Nidai vipi mita mpya? (Nansana)

Swali hili haliishi, na kila anayelileta ameshaamua kuwa mwizi ni mita. Ssebo, mita ya kuzunguka ikizeeka huchelewa, haikimbii. Ukibadilishiwa leo, huenda bili ikapanda zaidi.

Kwanza linganisha namba iliyo kwenye bili na iliyo kwenye mita. Tarakimu nyeusi ndizo uniti (uniti 1 ni lita 1,000), nyekundu ni vipande vya uniti. Kama msomaji wa mita alikuta geti limefungwa, huenda aliandika makadirio, na hapo unayo hoja ya kupeleka ofisini. Namba zikilingana, subiri usiku. Hakikisha tangi la juu limejaa, funga koki zote, usiguse valvu ya mita. Andika tarakimu zote, nyekundu pia. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajaenda chooni, soma tena. Ikiwa zimesogea, funga valvu iliyo baada ya mita na utazame kile kinyota kidogo kinachozunguka. Kikisimama, maji yanapotelea ndani ya nyumba yako. Kikiendelea kuzunguka ilhali valvu imefunga kabisa, hapo ndipo ulalamikie mita.

Mara nyingi anayevujisha ni choo cha kuvuta. Fungua kifuniko cha tangi lake. Maji yakiwa yamefika kwenye mdomo wa lile bomba la kufurikia, boya limewekwa juu mno. Lishushe mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo huo. Kama kimo ni sawa, mwaga humo kikombe cha kahawa nyeusi na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechakaa. Unapokwenda kununua mwingine, nenda nao ule wa zamani mkononi, kwa maana vipimo ni vingi na muuza vipuri atakupa wowote alio nao.

Mnaosema "kinachovuja ni kidogo tu", pigeni hesabu. Mkondo unaojaza chupa ya nusu lita kwa dakika 5 ni lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, zaidi ya uniti 4 kwa mwezi. Ongeza koki moja inayodondoka tone kila sekunde, na zile uniti 5 zilizokushangaza zimeshapatikana.

Kwa jambo moja wanaolaumu mita wana haki: hewa. Maji yakikatika bomba hujaa hewa, na yanaporudi hewa hiyo husukumwa kupitia mita na kuizungusha. Kwa hiyo maji yakikatika, funga valvu ya mita. Yakirudi kwa majirani, subiri kidogo ndipo ufungue, polepole.

Mwenye nyumba anatuuzia jerikeni ya lita 20 kwa shilingi 300. Ni halali? (Kisenyi)

Uniti 1 ni lita 1,000, yaani jerikeni 50. Kwa bei hiyo anakusanya shilingi 15,000 kwa uniti. Mwombe bili, utazame bei ya uniti pamoja na kodi ya VAT ya asilimia 18, na ada ya maji taka kama nyumba imeunganishwa. Bei ya bomba la umma ni ya chini kuliko ya nyumbani, kwa hiyo wapangaji wa mizigo (vyumba vya kupanga vya mlango mmoja mmoja) mkiungana kuomba bomba lenu au mita ndogo kwa kila mlango, mtaokoa zaidi ya mtakachopata kwa kugombana.

Kwenye WhatsApp wanasema Shirika linatia floraidi ili kutulegeza akili. Mbona hamuandiki? (Kampala, na wengine wengi)

Hatuandiki kwa sababu floraidi, madini ya kulinda meno, haitiwi. Uganda haina mpango wa kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba. Kwenye mitambo ya Ggaba na Katosi maji ya Ziwa Victoria hutiwa shabu ili uchafu ugandamane, hutuama, huchujwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini. Ile harufu mnayoisikia ni klorini. Floraidi haina harufu wala ladha kwa viwango vinavyopatikana kwenye maji, basi anayesema ameionja anawadanganya.

Ubishi huo umetoka Amerika, na huko una historia yake. Grand Rapids, Michigan, ulikuwa mji wa kwanza kutia floraidi kwenye maji yake, mwaka 1945, ili kupunguza kuoza kwa meno. Kiwango kinachopendekezwa Marekani leo ni miligramu 0.7 kwa lita. Calgary nchini Kanada iliacha mwaka 2011, meno ya watoto yakazidi kuoza kuliko ya wenzao wa Edmonton ambako hawakuacha, wananchi wakapiga kura mwaka 2021 irudishwe, na ikarudi mwaka 2025. Mwaka huohuo jimbo la Utah likapiga marufuku. Wana sababu zao za kubishana: maji yao karibu yote hupita bombani, na watu wengi hunywa maji yaleyale.

Sisi huku mtu huyohuyo asubuhi hunywa ya bomba, mchana ya chemchemi, jioni ya chupa. Kutia floraidi Ggaba kungewafikia wenye bomba tu. Dawa ya meno ni njia rahisi zaidi: tazama boksi, iwe na floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500, upige mswaki mara mbili kwa siku. Anayeogopa floraidi ambayo haipo, huku tangi lake halijafunguliwa tangu lipandishwe juu, ameshika hofu isiyo yake. Nchini mwetu tatizo la floraidi liko upande wa pili kabisa, yaani kuzidi, kama barua inayofuata inavyoonyesha.

Meno ya watoto wetu yana madoa ya kahawia. Tumeambiwa ni floraidi ya kisima, tuchemshe maji sana ili itoke. Tumechemsha mwaka mzima. (Kisoro)

Aliyewaambia hivyo amewapoteza. Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi haiendi na mvuke. Chukua lita 10 zenye miligramu 2 kwa lita: ndani mna miligramu 20. Chemsha mpaka lita 2 zipotee. Zile miligramu 20 bado zimo, sasa ndani ya lita 8, yaani miligramu 2.5 kwa lita. Kadiri mnavyochemsha ndivyo mnavyoikoleza. Msiache kuchemsha, kwa sababu ya vijidudu, ila sufuria ifunikwe na iondolewe jikoni mara maji yakitokota vizuri.

Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maeneo ya volkano na Bonde la Ufa magharibi mwa nchi, Kisoro na Kasese yakiwemo, yana vyanzo vinavyozidi hapo, na kisima kimoja hutofautiana na cha jirani. Kwa hiyo pimeni. Chukueni chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa kuwa floraidi hushikamana na kioo na kipimo kikapotoka. Isuuzeni mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho, mjaze nusu lita, muandike mahali na tarehe. Maabara kuu ya Wizara ya Maji na Mazingira iko Entebbe. Ofisi ya maji ya wilaya itawaeleza njia ya kupeleka sampuli.

Wakati mnasubiri majibu, watoto wote walio chini ya miaka 8 wapeni maji ya mvua kwa kunywa na kupikia. Hao ndio ambao meno yao bado yanaumbika ndani ya fizi. Jino la mtu mzima halipati tena madoa ya aina hii. Mvua karibu haina floraidi. Yakiwa hayatoshi, changanyeni: nusu kwa nusu, maji ya 2.5 hushuka mpaka 1.25. Ya kufulia na kuogea yatoke kisimani bila wasiwasi.

Kipo pia kichujio cha mkaa wa mifupa, kinachotumika Tanzania upande wa Arusha ambako floraidi ni kali kuliko yenu. Kinafanya kazi, lakini mkaa ukishashiba huacha kunasa, na maji hutoka yakiwa masafi vilevile machoni. Bila kupima mara kwa mara hutajua. Anayewauzia kichujio "cha maisha" mfukuzeni. Kichujio cha udongo na kile cha mshumaa hakiondoi floraidi kabisa.

Hamkuuliza, lakini nawaonya: magadi ya kulainishia maharage, mengine yana floraidi nyingi, na chai ya majani iliyokolea inayo pia. Mtoto wa miaka miwili hana haja ya chai ya rangi. Dawa ya meno kwa walio chini ya miaka 3 isizidi punje ya mchele, nao wafundishwe kutema. Madoa yaliyokwisha kutokea hayatoki kwa kusugua mkaa wala ndimu. Vyote viwili hula jino.

Maji hayapandi ghorofani. Fundi anataka kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. (Kyaliwajjala)

Mkatalie. Pampu ikivuta kutoka bomba la mtaa, shinikizo hushuka mpaka bomba linaanza kunyonya badala ya kusukuma, na kila kiungo kinachovuja hunyonya kilichokizunguka. Mabomba mangapi mtaani kwenu yamepita ndani ya mtaro? Wewe utapata maji, na uchafu wa mtaro, na majirani wataugawana. Tena ni kosa, wanaweza kukukatia.

Njia sahihi: tangi la chini linalojazwa kwa mkondo wa kawaida na kufungwa na boya, pampu ivute kutoka hapo kwenda tangi la juu. Kila mita 10 za kimo hukupa shinikizo la baa 1, kwa hiyo tangi lililo mita 2 tu juu ya bafu litakupa baa 0.2, na bafu la kumwagia litalia tu. Liinueni.

Na mwenye mpira wa kuoshea magari, usiuache umezama kwenye ndoo ya sabuni. Maji yakikatika, mpira huo huvuta yale ya ndoo kurudi bombani.

Maji yametoka na minyoo midogo myekundu. Ni kipindupindu? (Jinja)

Hapana. Ni viluwiluwi vya inzi wa ziwa, na wametagwa kwenye tangi lako. Maana yake kifuniko hakikai au bomba la kufurikia halina wavu.

Toa maji yote, sugua kuta na matope ya chini, suuza. Jaza tena, na kwa kila lita 1,000 tia lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato. Hiyo huleta takriban miligramu 50 kwa lita. Fungua kila koki mpaka usikie harufu, funga, acha usiku kucha, kisha mwaga yote. Usiyamwage kwenye shimo la choo, yataua bakteria wanaolifanyia kazi, wala bustanini. Maji hayo hayanyweki, waambie watoto. Usichanganye dawa hiyo na ile ya kusafishia choo yenye asidi. Gesi yake huumiza mapafu. Funga wavu mwembamba, rudia kila baada ya miezi 6.

Tunaambiwa tubane maji, na bomba la barabara linavuja wiki nzima. (Ntinda)

Una haki ya kukasirika. Takriban theluthi ya maji yanayosafishwa nchini hayaleti malipo, mengine yakivuja, mengine yakiibwa, na anayelipia ni wewe mwenye mita. Piga simu, dai namba ya ripoti, piga tena kesho. Lakini shilingi nyingine inapotea kwenye mfereji wa Nakivubo. Uchafu wa jiji hushuka na mfereji ule mpaka ghuba ya Murchison, ileile ambako Ggaba huvuta maji, na kinamasi kilichokuwa kikiuchuja kimejengwa na kulimwa magimbi. Ghuba ikiwa ya kijani, dawa huongezwa. Mtambo wa Katosi ulipelekwa mbali mashariki, kwenye maji masafi zaidi, na bomba refu la kuyarudisha Kampala si la bure. Anayejenga kinamasini kisha akalalamikia bei ya uniti asiniandikie.

Paa langu ni la mita 5 kwa 10. Mvua itanisaidia? (Bombo)

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 20 kwako ni lita 1,000. Hesabu 800 baada ya zinazopotea. Lita 50 za kwanza zimwage, ndizo zenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Maji ni meupe kama maziwa. (Entebbe)

Hewa. Weka kwenye gilasi, yatang'aa kuanzia chini.

Je, nahitaji kibali kuchimba kisima changu cha pampu? (Arua)

Ndiyo, kwa kisima chenye pampu ya mota, na mchimbaji awe na leseni. Kichimbwe juu ya mteremko, choo kikiwa chini yake, si kinyume.