Gari la Umeme Wakati wa Theluji: Abiria Wasipigwe na Baridi

Naendesha teksi Minneapolis. Nikiwasha hita, kilomita zilizobaki zinashuka haraka. Gari langu la petroli halikuwa hivi. Ni ubovu?

Si ubovu. Injini ya petroli hupoteza nguvu nyingi kama joto, na joto hilo ndilo lililokupasha bure. Mota ya umeme haipotezi joto la kutosha, hivyo hita inakula betri. Gari likiwa limepoa kabisa, hita inaweza kuvuta kilowati 5 au zaidi. Likishapata joto, 1 au 2 mara nyingi hutosha. Gharama kubwa iko mwanzoni, ndiyo maana safari fupi fupi za kuzima na kuwasha humaliza chaji kuliko safari moja ndefu.

Pasha gari kabla ya zamu, dakika 20 hadi 30, likiwa bado kwenye chaja. Chaja ya volti 240 inatosha. Soketi ya kawaida ya volti 120 hutoa takriban kilowati 1.4 tu, pungufu litatoka kwenye betri. Njiani weka nyuzi 19 au 20 za Selsiasi, kisha washa hita za viti: kiti kimoja hula wati 50 hadi 100 tu. Ila angalia nyuma. Magari mengi hayana hita kwenye viti vya nyuma, na dereva aliyekaa pamoto hajui kwamba abiria wake anatetemeka. Elekeza hewa miguuni, kwa kuwa joto hupanda lenyewe, na kama gari lako lina mpangilio wa kupasha upande wa dereva pekee, uzime.

Wakiingia watu wanne vioo vinajaa ukungu.

Umefunga hewa ya nje ili kuokoa chaji, na pumzi zao hazina pa kutokea. Fungulia hewa ya nje, washa kiyoyozi pamoja na hita (kiyoyozi hukausha hewa), elekeza kwenye kioo cha mbele. Ondoa theluji chini ya kioo hicho, maana hewa huingilia hapo. Mwaga maji ya mazulia ya mpira kila jioni.

Nikichaji, mbele kunatoka moshi mweupe!

Kama gari lina pampu ya joto (mashine inayovuta joto kutoka hewa ya nje) na hakuna harufu ya kuungua, huo ni mvuke: pampu inayeyusha barafu yake.

Mtoto avae koti zito kwenye kiti chake?

Hapana, tafadhali. Gari likigonga, koti hubonyea na mkanda hulegea. Mvue, kaza mkanda, kisha mfunike blanketi juu ya mkanda.

Tukikwama kwenye theluji usiku?

Betri ya kilowati-saa 60 iliyobaki nusu ina 30. Hita ikila 2, ni kama saa 15. Ukishusha joto na kutumia viti, zaidi. Gari halina ekzosi, kwa hiyo hewa yenu haitaingiwa na moshi wa sumu wa gari lenu. Beba mablanketi, na usiondoke nyumbani na chaji chini ya nusu.