Re: Nimekata springi, gari linadunda

Habari ndugu. Umekata springi za mbele raundi moja, sasa gari la zamani linadunda na kugonga kila tuta. Anza na ule mpira mdogo kwenye fimbo ya shokapu: ukiukuta umesagika, gari limeishiwa nafasi ya kushuka. Springi ya raundi 8 ikikatwa 1 inakuwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 14, na shokapu iliyochoka haiwezi kuituliza. Pesa iende kwenye shokapu kwanza, tafadhali.

Kisha inua gari magurudumu yaning'inie. Springi ikicheza kwenye kikombe chake, usiliendeshe kabisa.

Boliti za bushi (mipira ya kwenye viungo vya mikono inayoshika magurudumu) zikazwe gari likiwa limekanyaga chini. Mimi nilizikaza likiwa hewani, mpira ukajipinda na kuchanika mapema.