Kabla ya Kununua Mchoro wa Zamani, Utazame Mgongoni

Ninaponunua mchoro wa zamani hapa Dar es Salaam, jambo la kwanza ninaloomba ni kuoneshwa upande wa nyuma. Wauzaji wengine hushangaa, lakini uso wa mchoro huweza kupakwa rangi upya wakati wowote, ilhali mgongo ni vigumu kuughushi.

Chukua kazi zinazouzwa kwa jina la Edward Saidi Tingatinga. Msanii huyo, mwanzilishi wa mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alianza kuchora mwaka 1968 akafariki mwaka 1972, hivyo kazi halisi za mkono wake haziwezi kufikia wingi wa zile zinazotembezwa kwa jina lake. Alichora juu ya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kiwandani, mara nyingi vipande vya mraba vya takriban sentimita 60, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, za aina inayopakwa kwenye baiskeli, na kwa kawaida aliweka mnyama mmoja mkubwa mbele ya mandhari isiyo na mambo mengi. Ukiletewa kitambaa cha kanvasi kilichosheheni twiga, pundamilia na Mlima Kilimanjaro, ukaambiwa ni kazi yake ya mwaka 1970, mshukuru muuzaji na uage. Kanvasi ilienea baadaye, wageni walipotaka picha za kukunja na kutia begini. Binafsi naona heri kununua kazi ya mwanafunzi wake, kama January Linda au Ajaba Abdallah Mtalia, yenye historia inayoeleweka, kuliko "Tingatinga" asiyejulikana alikotoka.

Hadibodi iliyozeeka huwa na wekundu wa kahawia uliokolea kwa usawa hadi kwenye vijishimo vya upande wake wa nyuma, na misumari yake huacha kutu iliyoingia ndani ya ubao. Iliyozeeshwa kwa maji ya chai huonesha mabaka, na kingo zake hubaki na weupe wa msumeno wa juzi. Omba pia karatasi yoyote iliyopo: risiti, barua, au picha ya mnato inayoonesha mchoro ukiwa ukutani kwa mmiliki wa awali. Sahihi niiache mwisho, maana ndiyo rahisi kuliko vyote kuiga.

Mchoro ukishafika nyumbani, adui wake mkuu ni unyevu. Hadibodi imetengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizogandamizwa. Inaponyonya unyevu wa masika huvimba, hasa kwenye kingo na pembe, kisha hunywea kiangazi, na rangi ngumu iliyo juu yake, isiyoweza kufuata mwendo huo, hupasuka na kubanduka. Kwa sababu hiyo siafiki desturi ya kuwasha kiyoyozi usiku na kukizima mchana katika chumba chenye michoro. Afadhali chumba chenye madirisha wazi na hewa inayopita, ambacho hali yake haibadilikibadiliki. Usitundike mchoro kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala mkabala na dirisha lenye jua la mchana. Gundisha vipande vidogo vya koki (gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa) nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite kati ya mchoro na ukuta, na kila baada ya miezi michache uushushe uangalie kama kuna ukungu au njia ya mchwa.

Vumbi lifutwe kwa brashi laini, kavu. Mweleze dada anayekusaidia usafi kwamba kitambaa chenye maji na sabuni hakigusi mchoro kamwe, na mafuta ya taa, ambayo watu husugulia ili picha ing'ae, ni mabaya zaidi, kwani hulainisha rangi na kuacha utando unaokamata vumbi jipya. Vanishi ya dukani nayo iache.

Rangi ikianza kubanduka, ulaze mchoro chali, usiupake gundi, kusanya vipande vilivyodondoka katika bahasha, na uandike juu yake vimetoka sehemu gani, kwa ajili ya fundi wa uhifadhi atakayeurekebisha.