Simu moja, watoto watatu

SWALI: Nina watoto wa miaka 4, 9 na 13, na simu moja ya Androidi nyumbani. Niliweka sheria moja kwa wote: saa 1 kwa siku. Mdogo analia nikiichukua, wa kati nilimkuta anatazama watu wanaokatana mapanga, mkubwa hatazami kitu, anaandika tu. Nimekosea wapi? *Mama, Katuba, Lubumbashi*

JIBU: Mama, kwa mdogo hukukosea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku mbele ya kioo cha simu au televisheni, na ikipungua ni vizuri zaidi. Ila wanao hawafanyi jambo moja na simu hiyo. Wa miaka 4 anatazama anachopewa, wa 9 anatafuta mwenyewe, wa 13 anaongea na watu. Saa haioni tofauti hiyo.

Mdogo analia kwa sababu video hazina mwisho: moja ikiisha, nyingine inajianzisha. Zima *Lecture automatique* ya YouTube. Au pakua video 2 fupi, weka *Mode Avion* ili mtandao ukatike, na umwambie hesabu kabla hajaanza. Akitaka ileile kila siku, mpe. Kurudia kunamsaidia kuelewa. Kaa naye umtajie vitu anavyoviona, maana umri huo akiachwa peke yake na kioo hajifunzi mengi.

Nguvu zako ziweke kwa huyu wa miaka 9. Ameanza kusoma, na neno asiloweza kuliandika anabonyeza kipaza sauti na kulisema. Tena anatumia akaunti yako: ukitazama habari za vita jioni, asubuhi YouTube inampendekezea yeye zinazofanana nazo. Fungua *Paramètres* za YouTube, kisha *Général*, washa *Mode restreint*, inayoficha video zisizofaa watoto. Haizuii yote, na huwashwa kwa kila simu peke yake, hata ile ya mjomba anayoazima Jumapili. Kwa hiyo kila Jumamosi, dakika 10, fungueni pamoja historia ya video. Akueleze alichoona na alivyofika pale. Video mbaya ifuteni humo, na mapendekezo ya aina yake yatapungua. Usimchape kwa alichokionyesha, la sivyo wiki ijayo ataifuta historia kabla hujafika.

Wa miaka 13 ndiyo kwanza amefikia umri ambao WhatsApp yenyewe inaruhusu. Ingia *Confidentialité*, *Groupes*, chagua *Mes contacts*, ili mtu asiyemfahamu asimwingize kwenye kundi. Zima pia *Téléchargement automatique*, kwani ndiyo inayomaliza mega (data ya intaneti) na kuleta picha ambazo hakuziomba. Usisome ujumbe wake kwa siri. Patana naye jambo moja: mtu akimwomba picha ya mwili wake au pesa, asijibu, asifute, aje kwako na simu mkononi. Ujumbe ukifutwa, ushahidi umepotea.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 15 analala saa 7 usiku kwa sababu mega za usiku ni rahisi. Asubuhi haamki. *Papa, Kampemba*

JIBU: Papa, umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akiamka saa 11 na nusu alfajiri kwenda shule, saa 3 na nusu usiku awe tayari amelala. Kwa bei, mega hizo ni rahisi kweli, lakini analipa kwa usingizi. Mafaili ya masomo yanaweza kujipakua usiku, simu ikiwa chumbani kwako.

Kisingizio kitakachokuja ni delestaji, yaani mgao wa umeme: umeme umerudi usiku, lazima achaji. Basi chaja iwe moja, ikae kwako, na simu ifike hapo saa 3. Atasema pia simu ndiyo inayomwamsha. Mnunulie saa ndogo ya mezani yenye kengele. Na simu yako wewe ilale kwenye meza hiyohiyo, sauti imezimwa.