Sekunde 0.084 za Monaco zilitoka wapi?

SWALI: Wahariri, salamu kutoka Jinja. Mwenzangu anashikilia kwamba kwenye mchujo wa langalanga wa Monaco 2023, ule wa kupanga nafasi za kuanzia mbio, dereva Alonso aliendesha vizuri kuliko Verstappen, ila gari ndilo lililomwangusha. Mimi nasema saa haidanganyi. Mizunguko miwili hulinganishwaje? – Msomaji, Jinja

JIBU: Saa haidanganyi, lakini mnasoma mstari wake wa mwisho tu. Verstappen alipata 1:11.365, Alonso 1:11.449. Sasa rudini kwenye vipande vitatu ambavyo mzunguko hugawanywa ili kupimiwa muda. Vipande viwili vilipokwisha, Verstappen alikuwa nyuma kwa sekunde 0.2 hivi. Alizirudisha zote na kuongeza nyingine katika kipande cha mwisho, kwenye kona za bwawa la kuogelea na Rascasse, huku akiparuza kuta. Kwa hiyo gari la Alonso halikumwangusha mtu kwa sehemu kubwa ya kilomita zile 3.337. Hapo mwenzako ameteleza.

Mkipata grafu za kasi, hakikisheni mstari wa chini ni umbali, si muda. Ukitumia muda, magari mawili hayako tena kwenye kona moja na ulinganisho unaharibika. Kisha tazameni bonde la kila kona, yaani kasi ya chini kabisa, kabla ya kuvutiwa na vilele.

Mfano wa hesabu: kwenye kona ya Loews, mita 20 kwa kilomita 50 kwa saa huchukua sekunde 1.44. Kwa 47, huchukua 1.53. Umepoteza 0.09 kwa umbali usiozidi urefu wa mabasi mawili! Ndani ya handaki, mita 300 kwa 275 badala ya 280 zinakugharimu 0.07 tu. Mashabiki hushangilia handaki. Muda unapotelea Loews.

Halafu kuna matairi. Dereva akizembea kwenye Sainte Devote, kona ya kwanza, lakini akawa moto mwishoni, shukuni kwanza joto la matairi: huenda foleni ilimchelewesha kwenye mzunguko wa kuyapasha. Akianza kwa kishindo na gari likateleza Rascasse, huenda aliyapasha kupita kiasi.

Barabara nayo hubadilika. Wapenzi wa Pearl of Africa, mbio za magari za hapa Uganda, wanajua gari la kwanza kwenye changarawe huwafagilia wenzake njia. Monaco ni mtaa wa kila siku, kwa hiyo mpira wa matairi huganda kwenye lami kadiri magari yanavyopita, na anayevuka mstari mwishoni hufaidi. Verstappen alivuka baada ya Alonso. Hata hivyo, faida ya muda mfupi vile haitoshi kueleza takriban 0.3 katika kipande kimoja. Hiyo ilikuwa mikono, na kwa hilo ushindi ni wako.

Mkitaka kupima dereva bila kelele za gari, linganisheni wenza wa timu moja, jaribio moja, matairi ya aina moja.

SWALI: Rangi ya zambarau kwenye skrini ni nini, na mchujo huanza saa ngapi kwetu? – Msomaji, Mbale

JIBU: Zambarau ni muda bora kuliko wa wote, kijani ni bora wa dereva mwenyewe, njano, hakuboresha. Mchujo wa Monaco kwa kawaida huanza saa kumi jioni za kule. Uganda iko saa moja mbele, basi washeni televisheni saa kumi na moja.