Anaimba vizuri, kuongea hawezi

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama kikundi cha kuimba kitamrudishia mama usemi baada ya kiharusi, maana nyimbo za zamani anaziimba ila kuomba maji kunamshinda. Hutokea sana: kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo huharibu njia za usemi, lakini wimbo uliozoeleka hutegemea pia upande wa kulia.

Kuimba peke yake hakutoshi. Maneno ya wimbo hutoka kama mnyororo, na neno moja halichomoki humo kirahisi. Baada ya nyimbo mbili tatu za kupasha sauti, chukueni sentensi anayoihitaji: "Nataka maji." Iimbeni polepole kwa noti mbili, ya juu ikae kwenye "ta" na "ma", huku akigonga meza kwa mkono wa kushoto, pigo moja kila silabi, jumla matano. Kwanza wote pamoja, kisha mwongozaji afifishe sauti katikati, halafu mama ajibu peke yake akiulizwa: "Unataka nini?"

Kinachoharibu zaidi ni kasi. Kikundi kikikimbia, yeye hubaki kuguna tuni tu, na wenzake wanadhani anaimba. Mwongozaji akae mbele yake, midomo ionekane. Kama hata kuelewa anayoambiwa kunamshinda, aanze na mtaalamu wa tiba ya usemi.