Re: Afisa wangu aasi au atii?

Salaam ndugu. Umekwama kwenye hadithi yako ya Njaa Kuu ya Ayalandi, hujui kama aasi au atii, pale afisa wako, mzaliwa wa Ayalandi, anapolinda nafaka zinazosafirishwa Uingereza huku kwao wanakufa njaa. Angalia kwanza tukio lako liko mwaka gani. Mapema 1847 manowari za Uingereza zilikuwa pia zikipeleka chakula cha msaada, kwa hiyo mgogoro wake si uleule. Mimi hadithi yangu ilikwamuliwa na Kamanda Caffin wa manowari ya Scourge: Februari 1847 alipeleka unga Schull, mji mdogo katika jimbo la Cork, Ayalandi, kasisi wa huko, Traill, akamzungusha nyumba kwa nyumba, naye akaandika barua kueleza watu waliobaki mifupa mitupu. Ikatoka magazetini! Uasi siuamini, mahakama ya kijeshi si mchezo. Mwache aandikie afisa mwenzake barua kama ya Caffin.